Kifungu cha Tisa

Nilianza kufuatilia mswada wa polisi katika mwaka wangu wa pili hapa Doha. Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi ya kampuni inayopeleka walinzi na wasafishaji kwenye majengo makubwa. Nilichapa barua, nilipanga mafaili, nilipokea simu. Nilikaa mtaa wa Al Mansoura, orofa ya tatu, chumba kimoja na wauguzi wawili wa kwetu, na kwa kuwa zamu zao zilipishana, mara nyingi mmoja alikuwa amelala na sisi wengine tukitembea kwa ncha za vidole.

Mume wangu ni polisi. Wakati huo alikuwa ameingia mwaka wa nne katika kambi moja ya mpakani, mahali ambapo maji huletwa kwa lori na hakuna gari linalopita barabarani bila msafara. Alipopelekwa huko tuliambiwa ni kwa mwaka mmoja. Mwaka wa tatu ulipoanza niliacha kuuliza, nikampeleka binti yetu kwa mama yangu, nikaja huku.

Kabla ya hapo tuliishi kwenye laini za polisi, nyumba za mabati ambazo hugawiwa familia mbili mbili. Ukuta kati yetu na wenzetu ulikuwa pazia. Upande wa pili wa pazia aliishi konstebo mwingine, mke wake, na mapacha wao wa kike. Mimi na huyo mke tuliitana jirani na mpaka leo tunaitana hivyo. Nilijua anapotia chumvi kwenye mboga, alijua ninapolia. Mumewe alikuwa mtu wa mzaha, anayeimba akipiga viatu rangi. Yeye na mume wangu walipelekwa kambi moja, siku moja, kwenye lori moja.

Wake wa polisi wa laini zetu walikuwa na kundi lao la simu. Siku moja mmoja wao aliandika kwamba mbunge fulani, mtu aliyewahi kuwa polisi mwenyewe, amepeleka bungeni mswada kuhusu maisha ya askari. Wengine wakauliza mswada ni nini hasa na sheria ni nini. Jirani yangu akajibu, "Yule wetu wa Doha anajua mambo ya bunge. Atuambie."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kwa miaka mitano nilikuwa mchapaji katika bunge dogo la kaunti yetu. Nilivaa visikizio nikaandika kila walichosema waheshimiwa, hata walipotukanana. Nilijua njia ya mswada kama mtu anavyojua njia ya kwenda kisimani. Husomwa mara ya kwanza, huenda kamatini, wananchi huulizwa maoni, kamati huandika ripoti, kisha hurudi kwa wabunge wote wakaujadili kifungu kwa kifungu, ukasomwa mara ya mwisho, ukapelekwa kwa mkuu wa nchi kutiwa sahihi. Nilijua pia kwamba mingi hufia njiani, lakini hilo sikuliandika kwenye kundi.

Niliutafuta mswada kwenye mtandao wa bunge, nikausoma siku mbili wakati wa chakula cha mchana. Sehemu kubwa ilihusu vyeo, sare na adhabu. Lakini kifungu cha tisa kilikuwa chetu. Nilikitafsiri kwa Kiswahili nikakituma kwenye kundi: "Afisa aliyehudumu katika eneo la mazingira magumu kwa miaka mitatu mfululizo atahamishwa kutoka eneo hilo katika muda wa siku tisini."

Sijawahi kuandika kitu kikasomwa namna ile. Wanawake walikituma kwa waume zao. Mmoja alisema amekikariri. Jirani alinitumia ujumbe wa sauti, maana simu za mtandaoni kutoka Doha mara nyingi hazipiti, na tulizoea kuongea kwa kurekodi. Nilimsikia akisoma kifungu chote polepole, halafu akasema, "Jirani, hii 'atahamishwa', ni lazima?"

Nikamjibu, "Ikipita hivi ilivyo, ni lazima. Hakuna wa kukataa."

Mume wangu nilipomwambia alicheka kidogo. "Huku sheria ni kamanda," alisema. "Wewe endelea kufuatilia. Angalau inakupa kazi."

Maneno yale yaliniudhi. Tangu siku hiyo sikumwambia tena habari za mswada, na yeye hakuuliza.

Saa za Doha na saa za nyumbani ni sawa, na hilo lilinisaidia. Vikao vya mchana vilianza saa nane unusu, nikiwa mezani kwangu. Nilichomeka kisikizio kimoja, nywele za bandia zikauficha waya. Nilikuwa na daftari ambalo nilichora safu: tarehe, hatua, kilichosemwa, kinachofuata. Kila Alhamisi niliandikia kundi taarifa fupi. Wiki nyingi taarifa ilikuwa kwamba mswada haukutajwa.

Mkabala wangu alikaa mandubu wa kampuni, yaani yule anayepeleka karatasi zetu kwenye ofisi za serikali, Msudani wa makamo aliyependa utulivu. Siku moja aliniona nimeinamisha kichwa, kalamu mkononi.

"Unasikiliza mahubiri?" aliniuliza.

"Bunge."

"Bunge la wapi?"

"La kwetu."

Akafikiri kidogo. "Linasemaje?"

"Leo wanazungumzia barabara."

Alitikisa kichwa akarudi kwenye karatasi zake. Baada ya hapo, kila Jumatano aliniuliza kama bado ni barabara.

Ulipofika wakati wa wananchi kutoa maoni, niliwaambia wanawake tuandike barua kwa kamati. Siku ya Ijumaa, baada ya ibada, nilikaa kwenye mkahawa mdogo nyuma ya jengo letu, kikombe cha karaki, chai ya huku ya maziwa na iliki, kikipoa mbele yangu, nikapokea habari zao moja baada ya nyingine. Mmoja alijifungua watoto wawili, na baba yao hajawahi kulala nao nyumba moja kwa mwezi mzima. Mwingine mumewe alirudi likizo akawa anakula amesimama. Jirani yangu alisema mumewe haimbi tena. Anapokuja likizo hulala sakafuni chini ya dirisha bila kuvua viatu, na pacha mmoja alipomwamsha ghafla, alimkamata mtoto shingoni kabla ya kufumbua macho. Hakumuumiza. Alitoka nje akakaa chooni mpaka jua likatoka.

Niliyaandika yote kwa lugha ya ofisi. Kisha nikaomba majina na sahihi.

Hapo wengi wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja aliandika kwamba mumewe amemkataza, kwamba wakubwa wakiona jina lake watampeleka mbali zaidi. Mwingine akafuta ujumbe wake wote. Mpaka Jumatatu zilibaki sahihi sita, pamoja na yangu. Jirani aliichapisha barua pamoja na sahihi hizo kwenye duka la kompyuta, akawaacha mapacha kwa mtoto wa jirani mwingine, akapanda basi alfajiri akaipeleka mwenyewe mjini. Alinitumia picha ya muhuri wa kupokelewa. Kidole chake kilionekana pembeni ya picha, kucha imekatika.

"Wameipokea vizuri," alisema. "Dada wa pale mapokezi ameniambia pole."

Ripoti ya kamati ilitoka baada ya miezi. Niliifungua ofisini, mchana mmoja ambao vumbi lilikuwa limefunika madirisha na kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Barua yetu ilitajwa kwenye orodha mwishoni, bila lolote kuhusu yaliyomo. Nikaenda kwenye kifungu cha tisa. Kamati ilipendekeza kisomeke hivi: afisa aliyehudumu miaka mitatu anaweza kuhamishwa, kwa kuzingatia mahitaji ya utumishi. Siku tisini ziliondolewa.

Nilikisoma mara kadhaa. Maneno machache tu yalikuwa yamebadilishwa, na kifungu hakikuwa na kazi tena. Kuhamishwa kwa hiari ya mkubwa kulikuwepo tangu zamani. Hakukuhitaji sheria.

Nilikuwa nimeanza kuandika taarifa ya kundi ulipoingia ujumbe wa jirani. Sauti yake ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoisikia kwa muda mrefu. Mumewe alikuwa amepanda mlima wa kutafutia mtandao, wakaongea robo saa. Ameuliza sheria imefika wapi. Amewaambia wenzake kwamba mke wa mwenzao aliye Qatar anaisimamia. "Amecheka, jirani," alisema. "Amesema akirudi ataziba lile paa la jikoni."

Nilifuta nilichoandika. Niliandika kwamba kamati imemaliza kazi yake na mswada unarudi kwa wabunge wote. Haukuwa uongo. Nilijiambia kwamba hata sasa mbunge yeyote anaweza kusimama na kuomba neno la zamani lirudishwe, na hiyo ni kweli, nimeona ikitendeka. Nilimwandikia yule mbunge mwenye mswada, nikamweleza tofauti ya maneno hayo mawili kana kwamba yeye hakuijua. Niliandika mara tatu. Hakunijibu.

Wiki zikapita. Kila Alhamisi niliandika taarifa zangu, na kila Alhamisi nilipita kando ya kifungu cha tisa. Mume wangu, ambaye alilala mita chache kutoka kwa mume wa jirani, sikumwambia chochote. Nikisema ukweli, sikutaka asikie kwamba alikuwa sahihi aliponicheka.

Siku ya mjadala wa mwisho nilikuwa na visikizio vyote viwili. Kutokana na sauti nilijua ukumbi ulikuwa karibu mtupu. Mwenyekiti alisoma vifungu kwa haraka, namba baada ya namba. Alipofika cha tisa alisoma marekebisho ya kamati, akauliza wanaokubali waseme ndiyo. Zilisikika ndiyo chache zilizochoka. Wanaokataa. Kimya. Mbunge mwenye mswada alikuwepo, maana alizungumza baadaye kushukuru kamati. Mambo yote yalichukua muda usiofika nusu saa, na wakaingia kwenye mswada wa kahawa.

Mandubu alinitazama. "Barabara?"

"Wamemaliza," nikasema.

"Imepita?"

"Imepita."

Akaweka mkono kifuani akanipongeza. Nikamshukuru.

Kabla sijapata la kuandika, redio za nyumbani zilitangaza kwamba sheria mpya ya polisi imepitishwa, na baada ya wiki chache kwamba mkuu wa nchi ameitia sahihi. Kundi lilijaa pongezi. Wanawake waliniombea baraka, mmoja alisema binti atakayezaliwa atamwita jina langu. Nilingoja mpaka zipungue, nikaandika ujumbe mrefu. Nilieleza kwamba kifungu cha tisa kilibadilishwa kamatini, kwamba "atahamishwa" sasa ni "anaweza kuhamishwa", na kwamba ningepaswa kuwaambia mapema. Watu wachache waliujibu. Mmoja aliuliza, "Kwa hiyo?" Nikamwambia, kwa hiyo hakuna kilichobadilika. Zikafuata picha za sala za asubuhi, na ujumbe wangu ukapanda juu ukapotea.

Jirani hakusema kitu. Nilifikiri amenikasirikia, nikampa muda.

Siku kama ishirini hivi baadaye, mume wangu alinipigia kwa laini ya kawaida, jambo ambalo hulifanya kukiwa na msiba tu.

"Jirani yako ameondoka," alisema. "Mume wake. Ameondoka kambini."

"Amehamishwa?"

"Ameondoka. Amerudisha bunduki ghalani, akatia sahihi daftari, akapanda lori la maji."

Alinieleza vizuri. Yule mwenzake alikuwa amekwenda kwa kamanda asubuhi, sare imepigwa pasi, na karatasi mkononi. Ilikuwa tafsiri yangu. Aliinakili kwa mkono kutoka kwenye simu ili isipotee. Alimsomea kamanda kwa heshima, akasema amehudumu miaka minne na miezi kadhaa, anaomba siku tisini zake zianze kuhesabiwa. Kamanda hakumfokea. Alifungua sheria yenyewe kwenye kompyuta, akageuza kioo ili naye aisome. Kisha akamwambia arudi zamuni.

"Alitoka mle akakaa juu ya mawe," mume wangu alisema. "Nilimpelekea chai. Hakuinywa." Kisha akauliza, "Ulijua imebadilishwa?"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

Nikamwambia.

"Ungeniambia mimi," alisema. "Tunakaa hema moja."

 Kisha laini ikakatika yenyewe.

Aliyeondoka kambini bila ruhusa huhesabiwa mtoro zikipita siku chache. Polisi walikwenda kumchukua nyumbani mchana, mapacha wakiwa wamerudi kutoka shule kula. Hakukimbia. Alikuwa juu ya paa la jikoni akigongomelea mabati, na aliwaomba wamngoje amalize msumari. Alifutwa kazi, akapelekwa mahakamani, akapewa kifungo cha nje. Wakapewa pia siku chache za kuhama laini.

Nilirudi likizo mwaka uliofuata. Nilikuwa nimeomba siku zangu zikutane na za mume wangu, lakini zake zilifutwa wiki moja kabla, kwa hiyo nilikaa na binti yangu na mama. Siku ya nne nilikwenda kwa jirani. Wamepanga chumba nyuma ya soko, kimoja, kina dirisha dogo lenye nondo. Tulikumbatiana mlangoni. Alikuwa amekonda usoni lakini alinicheka kwa vile nilivyonenepa, akanikalisha kitandani, akawasha jiko.

Mumewe alikuwa nje, uani, ameketi kwenye kiti cha plastiki akitazama ukuta. Nilimsalimia, "Shikamoo, shemeji," maana ni mkubwa kwangu. Aliitikia marahaba, akaniuliza hali ya safari, kisha akageuka tena.

Tuliongea mambo ya watoto mpaka chai ikaiva. Ndipo nikasema nilichokwenda kusema, kwamba nilijua mapema na sikuwaambia, na kwamba kama ningesema, mumewe angekuwa kazini mpaka leo.

Jirani alikoroga chai yake muda mrefu.

"Ule ujumbe wako mrefu niliusoma," alisema. "Siku ile ile. Niliusoma mara mbili."

"Uliusoma?"

"Mume wangu alinipigia jioni ile ile. Ameshanakili karatasi, ameshahesabu siku. Ananiambia tarehe atakayofika." Alisema kwa sauti ya chini, akiangalia mlango. "Ningemwambiaje? Nilisema moyoni, labda kamanda atamhurumia. Labda hatasoma."

"Yeye anajua kwamba ulikuwa unajua?"

"Hajui. Na wewe usimwambie."

Nikamwahidi. Hatukulia. Nakumbuka nilisikia nafuu kidogo, halafu nikaona aibu kwa nafuu ile.

Nilipokuwa naaga, mumewe alisimama akanisindikiza mpaka barabarani. Alitembea mbele yangu hatua moja, akiangalia kila mlango tuliopita. Tulipofika penye magari aliniuliza, bila kunitazama, kama ni kweli kampuni yangu inachukua walinzi.

"Inachukua," nikasema.

"Mimi nina mafunzo. Miaka kumi na miwili. Sinywi pombe. Kusimama naweza, saa yoyote."

Mafaili ya walinzi hupita mezani kwangu. Karatasi ya kwanza ninayoitafuta ni cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi wa nyumbani, na mwenye rekodi ya mahakama hakipati kikiwa safi. Bila cheti, mandubu hagusi faili. Nimerudisha mafaili mengi kwa sababu hiyo, ya watu ambao sikuwahi kuwaona uso. Nilipaswa kumwambia pale pale, barabarani, ili asingoje.

"Nitaangalia, shemeji," nikasema.

Alinishukuru kwa mikono miwili.

Sasa nimo Doha tena. Mume wangu ameingia mwaka wa sita. Tunaongea akipanda mlima, habari za mtoto na za hali ya hewa, na kila mmoja anajua jambo ambalo mwenzake anapita kando yake. Daftari langu bado liko kwenye droo ya ofisini, kurasa nyingi hazijaandikwa. Mwezi uliopita mwanamke mgeni kwenye kundi aliuliza kama kuna sheria yoyote ya polisi inayokuja. Niliona swali, wenzangu wote wakaliona pia. Hakuna aliyemjibu.

Jirani hunitumia ujumbe wa sauti kila Jumapili. Husema habari za mapacha, za mvua, za bei ya unga. Mwisho wake hushusha sauti na kusema mumewe anauliza kama nimeangalia. Namwambia bado.